Ada ya elfu thelathini na anayelipa kilichobaki

Bango la kituo cha kulelea watoto mchana jijini Dar es Salaam halikosi mambo matatu: katuni iliyochorwa kwa rangi ya mafuta, namba ya simu na neno "Kiingereza". Kinachokosekana ni idadi. Humo ndani mna watoto wangapi, na watu wazima wa kuwaangalia ni wangapi? Namba hizo mbili ndizo zinazoeleza kwa nini kituo kimoja kinaweza kutoza shilingi 30,000 kwa mwezi na kingine, mtaa wa pili tu, kikataka 120,000, ilhali uji ni uleule wa lishe na nyumba zote mbili ni za kupanga.

Tukizungumzia gharama za malezi mjini huwa tunaishia kwenye ada. Wazazi wanasema wenye vituo wana tamaa. Wenye vituo wanasema wazazi hawalipi. Kila upande una ushahidi wake, na ushahidi wote ni wa kweli. Ila ugomvi huo unaficha tabia moja ya kazi yenyewe. Fundi cherehani akipata mashine nzuri atashona mashati mengi zaidi kwa siku, na kila shati litashuka bei. Mlezi hana mashine ya namna hiyo. Ana mikono miwili na macho mawili, kama alivyokuwa navyo bibi yake. Mtu mmoja anaweza kulea vizuri wachanga watatu, wanne kwa kujikaza. Wa miaka miwili, watano au sita. Wa miaka minne, kumi hadi kumi na watano. Ukimwongezea hapo halei tena, anachunga.

Kwa hiyo ada ya kituo, ukiivua maua yote, ni mshahara wa mtu mmoja uliogawanywa kwa idadi ya watoto alionao, kisha ukaongezwa uji, kodi na sabuni. Ukitaka ada ishuke una njia tatu tu: umlipe mlezi kidogo, umrundikie watoto, au atokee mtu mwingine wa kulipa tofauti. Dar es Salaam tumechagua mbili za kwanza bila kukaa kikao.

Tuichore hesabu. Namba hizi ni za mfano, na msomaji anaweza kuzibadilisha kwa za mtaani kwake. Kituo kina watoto 24: wachanga 6, wa miaka miwili 8, wa miaka mitatu hadi mitano 10. Kinahitaji walezi wawili kwa wachanga, wawili kwa waliobaki (na hapo tayari tumebana) na mpishi mmoja ambaye pia anafua na kudeki. Watu watano kwa 200,000 kila mmoja ni 1,000,000. Mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ni 100,000. Kodi ya nyumba yenye uwanja mdogo na geti, 300,000. Uji wa asubuhi na chakula cha mchana, 1,000 kwa mtoto kwa siku, siku 22 za mwezi: 528,000. Maji, umeme, gesi, sabuni na dawa ya kusafishia choo, 150,000. Jumla ni 2,078,000. Gawanya kwa 24 upate 86,583 kwa mtoto.

Hiyo ni ada bila faida, bila akiba ya kurekebisha bembea iliyokatika, na kwa sharti kwamba kila mzazi analipa kila mwezi. Wanne wasipolipa, nao huwa wapo, ishirini waliobaki inabidi wabebe 103,900 kila mmoja.

Sasa tazama kilichomo ndani ya hesabu hiyo. Amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi, inayotumika tangu Januari 2026, imepandisha wastani wa kima cha chini kutoka 275,060 hadi 358,322. Kumbuka ni wastani wa sekta mbalimbali. Kila sekta ina kiwango chake. Tukisema walezi wetu watano walipwe huo wastani, gharama ya kituo inapanda hadi 2,948,771 na ada inafika 122,865. Ni zaidi ya theluthi ya mshahara wa mlezi mwenyewe, kwa mtoto mmoja. Mwanamke anayelea watoto wa wenzake kutwa nzima hawezi kumlipia mwanawe mahali anapofanya kazi. Wengi wanamalizia kwa kuja naye, na mwenye kituo anahesabu hilo kuwa sehemu ya mshahara.

Kituo cha elfu thelathini je? Kikiwa na watoto 24 kinakusanya 720,000. Toa kodi 300,000 na matumizi 150,000. Futa chakula cha mchana, bakiza uji wa 300 kwa siku: 158,400. Kimebaki 111,600 cha kulipa watu wote. Haiwezekani, kwa hiyo watoto 24 hawabaki 24. Wakifika 40, makusanyo ni 1,200,000, uji 264,000, kodi na matumizi yaleyale, na kinabaki 486,000. Hapo unaweza kuwalipa walezi wawili 200,000 kila mmoja na mwenye kituo akabaki na 86,000. Ni mtu mmoja kwa watoto ishirini, wachanga wakiwemo. Anayeendesha kituo cha namna hii si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni mama wa mtaani mwenye moyo, aliyeanza na watoto wawili wa jirani sebuleni, na hesabu ikamsukuma hadi hapo.

Kinachoharibika katika chumba cha watoto arobaini kinajulikana kabla hujaingia. Wachanga wanalazwa chali muda mrefu kwa sababu hakuna mkono wa kuwabeba. Pampasi inabadilishwa kwa ratiba, saa 4 na saa 9, mtoto achafue asichafue, na matokeo yake ni vipele na michubuko ambayo mzazi anaiita joto. Uji unapoongezewa maji, mtoto hushiba tumbo na kukosa mwilini. Kikombe kimoja kinapita midomo mitano. Mmoja akianza kuhara Jumatatu, Alhamisi wapo sita, na siku hizo za kuuguza analipa mzazi, ambaye kama ni kibarua au mama lishe hana likizo ya ugonjwa. Siku tatu nyumbani kwa mtu anayeingiza 12,000 kwa siku ni 36,000. Ada ya bei rahisi imeshapita ada yake yenyewe.

Ndiyo maana familia nyingi za kipato cha kati zinakimbilia kwa dada. Kwa akili ya nyumba yenye watoto wawili wadogo uamuzi huo una mantiki kamili, na ni vizuri tuuone ulivyo kabla ya kuulaani. Vituo viwili vya 86,583 ni 173,166. Dada wa kula na kulala anahesabiwa hivi: mshahara 60,000, ambacho ndicho kiwango ambacho amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza Januari 2023, ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, chakula chake, tuseme 2,000 kwa siku, ni 60,000, sabuni, pedi, vocha na panadoli 20,000. Ongeza nauli ya basi na ya dalali kila anapoondoka mmoja na kutafutwa mwingine: 80,000 mara mbili kwa mwaka, ukigawanya kwa miezi 12 ni kama 13,300. Jumla yake ni takribani 153,300, na hapo amepika, amefua, amempokea mtoto wa darasa la pili na amefungua geti saa 3 usiku. Bei yake haipandi akizaliwa mtoto wa tatu. Hakuna kituo kinachoweza kushindana na hilo.

Haishindaniki kwa sababu kuna mtu amekatwa. Dada huyo anaamka saa 11 alfajiri na kulala wa mwisho. Ukihesabu saa 14 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni saa 364. Elfu sitini ukiigawanya kwa hizo ni shilingi 165 kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi, wa nyumbani akiwemo, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Amri ileile ya 2022 ilimwekea 120,000 asiyelala kwa mwajiri, na 250,000 anayefanya kazi kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa. Kazi ni ileile, mtoto analia vilevile. Kilichobadilika ni mfuko wa mwajiri. CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowahusu pia wa majumbani, kimepiga kelele miaka mingi kuhusu mikataba ya maandishi. Kwenye nyumba nyingi mkataba bado ni simu moja iliyopigwa kwa mjomba wake Iringa au Singida.

Kisha kuna bei isiyoandikwa popote. Dada akiondoka ghafla, na huondoka baada ya Krismasi au msimu wa kilimo ukianza, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anampoteza mtu aliyekuwa naye saa nyingi kuliko mama yake. Akitokea mwingine mwezi mmoja baadaye, mtoto anaanza upya: hali kwa huyo, halali kwa huyo, anarudia kujikojolea. Wazazi husema mtoto amedeka. Mtoto amefiwa, kwa kipimo chake.

Familia zisizomudu dada wala kituo zina walipaji wao. Bibi anayeletwa kutoka kijijini na kuacha shamba. Jirani anayeachiwa mtoto kwa "mia tano ya uji". Na binti wa miaka kumi na moja ambaye mahudhurio yake shuleni yanaanza kuchakaa tangu mdogo wake azaliwe. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi darasani, uamuzi mzuri uliochelewa. Lakini msichana wa kidato cha pili mwenye mtoto wa miezi saba anahitaji mtu wa kushika mtoto kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na waraka haukuja na huyo mtu.

Upande wa ajira rasmi sheria inaonekana ya ukarimu mpaka uitembeze barabarani. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, siku 100 kwa waliojifungua mapacha au zaidi. Baba ana siku 3. Marekebisho ya 2025 yameongeza likizo kwa aliyejifungua mtoto njiti, na hilo lilistahili. Hata hivyo mama anaruhusiwa kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, na wengi huanza kwa sababu miguu imevimba na daladala haina huruma. Toa siku hizo 28, anabaki na 56. Mtoto wa wiki nane anaachwa nyumbani, ilhali kila kliniki ya mtoto imebandikwa ujumbe wa kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita.

Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kwenda kumnyonyesha mtoto. Mtu aliyeandika kifungu hicho lazima aliwazia mahali ambapo mtoto yuko jirani na ofisi. Mfanyakazi wa benki Posta ambaye mtoto wake yuko Kibamba atazimaliza saa zote mbili njiani kwenda tu. Kwa kawaida waajiri na wafanyakazi wanakubaliana kimyakimya kuwa saa hizo ziwe za kuondoka mapema. Si vibaya, lakini si kunyonyesha. Kinachobaki ni kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa salama kwa kama saa nne kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne kwenye jokofu. Februari ya Dar es Salaam haina chumba cha nyuzi 25 kisicho na kiyoyozi, kwa hiyo bila jokofu hesabu ya saa nne inabidi ifupishwe. Ukikagua kituo cha wachanga, jokofu linaulizwa kabla ya televisheni.

Tatizo la saa linastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndilo linaloua vituo vizuri. Muuza duka wa Kariakoo anayeishi Chanika anatoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku. Kituo kinafungua saa 1 na kufunga saa 10 au 11 jioni. Ada ya mwezi imemnunulia saa kumi katika kumi na tano anazohitaji. Tano zilizobaki anazitafutia mtu wa pili, na huyo naye analipwa. Mwenye kituo akijaribu kufungua saa 11 alfajiri hadi saa 2 usiku anahitaji zamu mbili za walezi, na mshahara, ambao ni zaidi ya nusu ya gharama zake, unakaribia mara mbili. Ndipo inapotokea tozo ya kuchelewa, 1,000 au 2,000 kwa saa, ambayo wazazi huichukia na ambayo kwa kweli ndiyo bei halali zaidi kwenye karatasi nzima.

Shule ya serikali haizibi pengo hilo. Elimu ya awali haina ada tangu mpango wa elimu bila ada uanze 2016, na kila mzazi mwenye mtoto wa miaka mitano anapumua. Lakini darasa la awali linaisha kabla ya saa 6 mchana. Mtoto aliyekuwa kituoni kutwa nzima kwa 60,000 sasa yuko shule bure kwa saa nne, na mzazi anatafuta wa kumchukua, kumlisha na kukaa naye hadi usiku. Wapo waliogundua kuwa mwaka wa "bure" ndio uliowagharimu zaidi. Na kabla ya huo mwaka mmoja kuna mitano ambayo mfumo wa elimu hauigusi kabisa.

Kwa mzazi anayelinganisha vituo wiki hii: usilinganishe ada kwa ada. Omba karatasi yenye kila kitu cha mwaka mzima, kisha gawanya kwa miezi 12. Fomu ya kujiunga, sare pea mbili, rimu ya karatasi (kwa mtoto wa miaka miwili!), tishu, sabuni ya maji, bima, usafiri, mchango wa ziara ya ufukweni, na mahafali ya joho na kofia kwa watoto ambao bado wanavaa pampasi. Hayo ya mwisho yafutwe tu. Hakuna mtoto atakayeyakumbuka na yanaweza kula ada ya mwezi mzima. Uliza kituo kinafunga lini. Chenye kufuata kalenda ya shule kitafunga Juni na Desemba, na miezi hiyo utalipa mahali pengine. Uliza kama mtoto akiugua wiki mbili kuna kinachopunguzwa; mara nyingi hakuna, na mlezi lazima alipwe, kwa hiyo usikasirike, ila ujue.

Pampasi pia hununuliwa kwa akili. Moja moja dukani, tuseme 500, tatu kwa siku kwa siku 26, ni 39,000, zaidi ya ada ya kituo cha bei rahisi. Watoto wengi wanaweza kuanzishwa poti kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu, lakini kituo chenye mlezi mmoja kwa ishirini hakiwezi kumwanzisha yeyote, kwa kuwa poti inataka mtu wa kukaa naye dakika kumi mara sita kwa siku. Tena uwiano wa walezi na watoto unaingia mfukoni mwako kwa mlango wa nyuma.

Tembelea kati ya saa 6 na saa 8 mchana, bila taarifa. Asubuhi kila kituo kinapendeza. Hesabu watoto, hesabu watu wazima, mpishi usimhesabu. Tazama wachanga wamelala wapi na nani anawaona. Tazama choo, ndoo yenye bomba na sabuni, jiko limetenganishwa vipi na mahali pa kuchezea, geti linafungwa kwa ndani au la. Omba kuona daftari la mahudhurio na la wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Omba cheti. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya vituo ya 1981, kituo kinatakiwa kusajiliwa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na maombi yanaanzia kwa afisa ustawi wa halmashauri. Kituo kisicho na cheti si lazima kiwe kibaya. Kinaweza kuwa kimekwama kwenye sharti la jengo. Ila ukikutana na mwenye kituo asiyejua hata ofisi ya ustawi iko wapi, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Kuhusu masharti hayo ya jengo, hapa ndipo sera yetu inapojikanyaga. Ukimtaka mama wa Tandale awe na viwango vya jengo alivyonavyo mwekezaji wa Mikocheni, hatafunga kituo. Atatoa bango na kuendelea, na wewe utakuwa umepoteza nafasi ya kumkagua. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Hakuna idadi ya maafisa ustawi inayoweza kufukuzana na sebule zote. Ngazi mbili za usajili zingefaa zaidi: ya nyumbani kwa watoto wasiozidi sita, yenye masharti machache yasiyojadiliwa (idadi, maji, choo, moto, rekodi ya mlezi), na ya kituo kamili kwa waliozidi hapo.

Jirani zetu wana jambo la kutufundisha, japo si muujiza. Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye jedwali lake la nne, iliweka vituo vya malezi kuwa kazi ya kaunti, na Nairobi ikatunga sheria yake ya vituo mwaka 2017. Sheria haikushusha ada Korogocho, mtaa wa mabanda jijini humo. Kilichobadilisha maisha kwa namna iliyopimwa ni pesa: watafiti walipowapa kwa bahati nasibu baadhi ya akina mama wa Korogocho vocha za kulipia kituo, waliopewa walikuwa na nafasi ya kuwa na kazi iliyozidi ya wasiopewa kwa pointi 8.5 za asilimia. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa kwa walioolewa. Kwa mama wasio na wenzi matokeo yalikuwa tofauti, na ndiyo yanayovutia zaidi: walipunguza saa za kufanya kazi bila kupoteza kipato, kwa sababu waliweza kuhamia kazi zenye saa zinazoeleweka. Hao walikuwa wanafanya kazi hata kabla ya vocha. Walichokuwa wakikosa ni uwezo wa kuchagua kazi.

Kwetu kuna programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Imefanya neno "malezi" lisikike kwenye vikao vya halmashauri, jambo ambalo zamani liliachwa kwa akina bibi. Tabia ya vikao hivyo lakini ni kupenda majengo, kwa kuwa jengo lina jiwe la msingi. Rudi kwenye kituo chetu cha watoto 24. Serikali ikitoa nyumba bure, inaondoka 300,000, yaani 12,500 kwa mtoto. Ikilipia nusu ya chakula inaondoka 264,000. Ada inashuka kutoka 86,583 hadi 63,083. Ni nafuu ya kweli, lakini katika hiyo iliyobaki 45,833 ni mishahara na NSSF. Jengo bila mlezi anayelipwa na mtu mwingine haliwezi kumfikia muuza nyanya wa Mabibo.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba, ambayo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya vikundi vya wanawake, hutajwa kama jibu. Inafaa kwa jambo moja: kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo, 1,800,000 kabla mtoto wa kwanza hajaingia, pamoja na magodoro na uzio. Kwa kuendesha, mkopo ni sumu. Kituo kisicho na faida kitaurudisha kwa njia moja tu, kuongeza vichwa chumbani, na tumeshaona vichwa hivyo vinaishia wapi.

Elimu msingi tuliitatua kwa kutenganisha vitu viwili: mshahara wa mwalimu unalipwa na Hazina, ruzuku ya uendeshaji inakwenda shuleni kwa idadi ya wanafunzi. Malezi yanahitaji mgawanyo huohuo kwa kiwango kidogo. Halmashauri iwalipe walezi waliopata mafunzo kwenye vituo vya jamii vinavyokubali kutovuka uwiano. Mzazi alipe chakula na matumizi. Kwa mfano wetu hapo mzazi angebaki kulipa 40,750, kodi ikiwemo, na mwanawe angekula chakula cha mchana. Kiwanda chenye wafanyakazi 300 kinaweza kuanza hata bila kusubiri: kikiwa na chumba chake, kituo cha watoto 24 kingegharimu kama 5,900 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kabla mzazi hajachangia shilingi, na zile saa mbili za kunyonyesha zingekuwa na maana.

Pa kuanzia ni sokoni, na si kwa sababu masoko yanapigwa picha vizuri. Wafanyabiashara wake wanajulikana kwa vizimba, ushuru unakusanywa kila siku hivyo mchango wa 1,500 unaweza kukusanywa na ushuru badala ya kudaiwa mwisho wa mwezi wakati pesa imeshaisha, na mama yuko hatua mia moja kutoka kwa mtoto anayenyonya. Chumba chenyewe kifunguliwe saa ambayo soko linafunguliwa. Kwa Mabibo na Buguruni hiyo ni alfajiri, mizigo inaposhushwa, na zamu ya pili ya walezi iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.